Mashini Iliyolazwa Gatete

Lukeba alishuka kwenye bisi iliyotoka Bujumbura, Jumatatu asubuhi, pale parkingi ya Rumonge. Alikuwa na koti la kijivu, kalamu tatu kwenye mfuko wa kifua, saa inayong'aa, na kibegi cha ngozi alichokibeba kwa heshima kubwa ingawa ndani yake mlikuwa na CD moja, kitana na soksi. Tumbo lilikuwa tupu, lakini hakuwa anatafuta chakula. Alikuwa anatafuta mtu wa kumla.

Hakufikisha hatua mia. Mbele ya kibanda chenye kibao cha SEKRETARIA, BARUA ZA KILA NAMNA, alimwona mama mmoja amepanga ordinateri juu ya meza, kioo huku, kibodi kule, anapangusa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye javeli, maji ya kuulia vijidudu. Pembeni kulikuwa na beseni, na mteja yeyote aliyetaka kuchukua hata karatasi moja ilibidi anawe kwanza.

"Amahoro, mama," Lukeba akasema. "Mashini iko mugonjwa?"

"Bado," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini nasikia virusi vimeshafika Bujumbura. Sitaki vinikute nimekaa."

Lukeba akatazama mbinguni na kushukuru, maana hata mwizi ana riziki yake.

Ngoja nieleze. Mwaka ule wa 2003 vita ilikuwa imetimiza miaka kumi, na sisi watu wa kando ya ziwa tulikuwa tumezoea vitu viwili: milio ya milimani na kipindupindu. Dawa ya milio hatukuijua. Dawa ya kipindupindu tuliijua vizuri: javeli, kunawa, na mgonjwa atengwe. Basi redio iliposema kuna virusi vinaingia kwenye maordinateri, mama huyu hakuuliza swali la pili. Alikwenda kununua javeli.

Nitamwita Mama Hakimu. Ndivyo watu wanavyoniita. Nimeona nimwandike kama mtu mwingine, kwa sababu nikimwandika kama mimi nitaona haya, nitaanza kupunguza mambo, na onyo lililopunguzwa halimsaidii mtu. Na yale yaliyokuwa kichwani mwa Lukeba siyabuni. Yalinifikia baadaye, na aliyeyaleta nitamtaja wakati wake ukifika.

Ordinateri ile ilikuwa ya mkono wa pili, imenunuliwa kwa watu wa msaada walipofunga ofisi. Kila siku iliandika barua za kuomba kazi na za kuomba msamaha. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kimoja kilichoshinda mashini yenyewe kwa thamani: orodha. Majina mia tatu na kumi na mawili ya watu waliopotezana na familia zao siku za kukimbia, wengi wao watoto, wengi wamevuka ziwa kwenda kwenye makambi ya Kigoma. Miezi minane mizima wanawake walikuja, wauza samaki wadogo wa ndagala, wakamuaji wa mawese, Wakongomani, wake wa wanajeshi. Kila mmoja alisema jina, umri, alama. Kovu la chai ya moto begani. Kidole kilichokatwa. Elda, binti wa Uvira aliyekuwa anapiga mashini pale, aliandika yote. Nambari ya kwanza ilikuwa Hakimu, aliyeingia kwenye mtumbwi wa jirani akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku ile hakuna aliyejua kama yuko hai. Naye, kama yuko hai, hakujua kama mama yake yuko hai.

Alhamisi ya wiki ile watu wa msaada wangepita kuchukua orodha waipeleke ng'ambo. Wasipoikuta wangeendelea na safari, na barabara zilivyokuwa, kurudi kwao alikujua Mungu peke yake.

Utauliza, orodha hiyo ilikuwa wapi pengine? Hakuna pengine. Madaftari ya mwanzo Mama Hakimu alikuwa ameyachana akafungia ndagala sokoni, maana kitu kikishaingia kwenye mashini, daftari la nini? Kuichapa kwenye karatasi alikataa mpaka itimie, wino ni ghali. Kuiweka kwenye disketi alikataa kabisa. Alisema disketi inaingia mashini hii na mashini ile, kama kikombe cha kilabuni, na yeye hanywi kikombe cha watu. Huyo ndiye mama aliyejidai analinda.

Lukeba akanawa. Hakunawa kama mteja. Alikunja koti, akanawa mpaka kwenye viwiko, akanyoosha mikono juu ikakauke. Mama Hakimu alipoona hivyo moyo wake ukamwambia huyu ni dogiteri.

"Naitwa Lukeba. Ninatibu mashini. Muiwashe."

Elda akaiwasha. Pembeni mwa kioo ikatokea karatasi ndogo yenye maneno ya Kifaransa.

"Hiyo inasema antivirusi imemaliza muda wake," Elda akasema. "Inatoka kila asubuhi. Mimi ninaifunga."

"Unaifunga." Lukeba alitikisa kichwa taratibu, kama muganga aliyeambiwa mgonjwa amekuwa akinyweshwa majani. "Mama, antivirusi ni zamu wa nyumba. Anakaa mlangoni usiku, anauliza wewe nani, unataka nini. Sasa huyu wenu ameacha kulipwa. Amekaa pale, koti amevaa, rungu analo, lakini iko analala."

"Basi tumwongezee wa pili," akasema Mama Hakimu. Siku za vita ile kila mwenye mali aliweka zamu wawili. "Huyu akilala, yule anaangalia."

"Zamu wawili wasiojuana, mama? Gizani? Kila mmoja na panga lake? Wa kwanza atamwona wa pili na kusema mwizi. Wa pili atasema mwizi ni wewe. Mwizi mwenyewe atapita katikati akiwaambia poleni."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, na ndiyo sababu ninaiandika. Mwongo aliyesomea kazi yake anaanza na ukweli. Akaendelea na ukweli wa pili: "Wa zamani lazima atoke kwanza, ndipo mupya aingie. Na ile saa wa zamani ametoka na mupya hajafika, nyumba iko wazi. Ndiyo saa ya hatari." Halafu, mlango ukiwa umeshafunguka, akaingiza uongo wake: "Ndiyo maana mugonjwa lazima aende karantini. Siku tatu. Kliniki yangu iko Kabonga."

Ukitaka kumshika mtu wa Rumonge, sema karantini. Mama Hakimu alishasimama.

"Mama," Elda akasema, "tuiweke kwanza orodha kwenye disketi."

"Elda, mwanangu, unataka kuniua?"

"Mama huyu ana akili kushinda waliosoma," Lukeba akasema.

Shule ya mama huyu iliishia la sita. Sifa ile aliinywa kama uji wenye sukari.

Lukeba akashika kipanya, akakamata ile picha ndogo ya antivirusi kwenye kioo, akaiburuta mpaka kwenye kikapu cha takataka. "Ametoka," akasema. Elda alikuwa amesoma ordinateri wiki tatu Uvira, na kitu kilimwambia kwamba mambo hayaendi hivyo. Lakini yeye alikuwa na wiki tatu na mwenzake alikuwa na kalamu tatu, akamwachia kipanya.

Avansi, pesa ya kutanguliza, ikatolewa. Lukeba akaiweka mashini kwenye boksi la karito, akaifunga kamba. Huko Kabonga hakukuwa na kliniki. Kulikuwa na mtu mwenye boti la mota aliyenunua kitu chochote chenye waya, bila kuuliza kilizaliwa wapi. Kabla ya jua kuzama mashini ingekuwa ng'ambo. Lukeba akainama, akaibeba karito, akageuka, akamkuta Mama Hakimu amesimama mlangoni na mukeka uliokunjwa kwapani, termosi mkononi, sufuria, na mbabura ya makaa kichwani.

"Mama unasafiri?"

"Tunasafiri."

"Nani na nani?"

"Mimi na mgonjwa. Mgonjwa analazwa bila murwaza?"

Kwetu mtu haendi hospitali peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wake wa kumpikia, kumgeuza, kumfukuzia inzi na kugombana na wauguzi. Kitanda cha hospitali kisicho na mukeka chini yake tunajua ni cha mtu asiye na watu.

"Mama, hii ni mashini. Haikuli."

"Hata wa kipindupindu hakuli. Murwaza anakuwapo."

"Kule hakuna pa kulala."

"Nitalala chini ya kitanda chake."

"Haina kitanda."

"Ndiyo maana nimeleta mukeka. Twende, dogiteri, bisi haingoji."

Lukeba alikuwa amewahi kumkimbia polisi, mume wa mtu na mbwa wa padri. Kumkimbia mama mwenye mbabura kichwani, sokoni, mchana, wakati watu wote wanamsalimia, hakuwa na ujuzi huo. Akapanda bisi. Akawaza: nitamwacha njiani.

Kwenye bariyeri ya kutokea mjini kaporali mmoja aliamuru bisi isimame, akagonga karito kwa kidole. "Kuna nini humu?"

"Mgonjwa," akasema Mama Hakimu, na kabla Lukeba hajafungua kinywa alishaeleza yote: virusi, zamu aliyelala, karantini, orodha, Alhamisi.

Kaporali akauliza polepole, "Mukecuru, bibi, hiyo ndiyo orodha mke wangu alikuja kuandikisha? Mtoto wa dada yangu yumo?"

"Ana mwanya mbele? Nambari arobaini na saba."

Kaporali akamtazama Lukeba jinsi unavyomtazama mtu aliyeshika kisu juu ya tumbo la ndugu yako. "Dogiteri, barabara ya Nyanza-Lac leo imefungwa, hakuna kufika Kabonga. Mutibie hapa mbele, Gatete. Radjabu ana jenereta kwenye kinu chake cha mawese, umeme uko. Mimi nitapita kumsalimia mugonjwa."

Hivyo ndivyo mashini ilivyolazwa Gatete.

Radjabu, mwenye kinu, alitoa chumba cha nyuma, chenye harufu ya mawese na meza moja. "Mgonjwa hatalipa chumba," akasema kwa upole. "Mazutu ya jenereta atalipa dogiteri, ndiyo kazi yake." Avansi ya Lukeba ikaanza kuungua ndani ya jenereta, kidogo kidogo, na moshi wake aliuona kwa macho.

Mama Hakimu akatandika mukeka chini ya meza. Akapika uji. Akamwekea dogiteri bakuli, akaweka jingine mbele ya mashini. Nimesema sitapunguza. Aliliweka. Alisema ni la wageni, lakini aliliweka pale.

Na wageni wakaja. Habari ilifika Gatete kabla ya usiku kuingia, na Jumanne asubuhi walijaa mlangoni, wameleta ndizi, mihogo, samaki wa kuchoma kwenye majani. Waliingia kwa adabu, wakakaa, wakauliza kwa sauti ya chini:

"Amelala vipi?"

"Amelala tu. Bado hajasema."

"Pole. Na wangu, nambari mia mbili na sita, yule wa kovu la bega?"

"Yumo. Wote wamo. Dogiteri anawashughulikia."

Wote wakamgeukia Lukeba. Alipotaka kusema karantini haina wageni, mzee mmoja akamjibu kwamba hata yeye amekaa kwenye karantini ya kweli, wageni walisimama mbali, nao watasimama mbali. Wakasogea nyuma hatua moja. Hawakuondoka.

Ikafika saa tano, mtu akauliza: dogiteri hajaanza? Lukeba akafungua kibegi chake taratibu, akatoa CD ile moja, akaipuliza, akaiingiza kwenye mashini. Alikuwa ameshaionyesha kwa watu kumi na wanne toka Uvira mpaka Bujumbura na hakuna aliyewahi kumwambia aiingize. Mashini ikanguruma. Halafu ikaanza kuimba rumba, gitaa mbili na mwanaume analilia mchumba wake.

"Anaweweseka," akasema mama mmoja wa Kikongomani.

"Homa imepanda kichwani," Mama Hakimu akasema, akachovya kitambaa kwenye maji baridi. Lukeba alimrukia akamshika mkono, kitambaa kikiwa kimebakiza shubiri moja kufika kwenye mashini. Hapo, kwa mara ya kwanza maishani, aliokoa mali ya mtu.

Adhuhuri wageni walipotawanyika, aliona nafasi yake. Mama Hakimu alikuwa ametandika mswala kando ya meza. Akamngoja mpaka ameinama, akaitia mashini kwenye karito, akanyata. Alifika kizingiti cha mlango. Nyuma yake akasikia salamu ya kulia, akasikia salamu ya kushoto, na bila sauti kupanda:

"Unampeleka wapi mgonjwa?"

"Juani kidogo, mama. Apate hewa."

"Mwenye homa hatolewi juani. Nani alikufundisha udaktari? Mrudishe."

Akamrudisha. Baada ya hapo Mama Hakimu aliifunga kamba ya karito kwenye kifundo cha mguu wake. Hakumshuku mtu. Alikuwa ameona dogiteri amechoka, na mtu aliyechoka anasahau wagonjwa mahali.

Jumatano kaporali alikuja na chupa ya limonadi kwa ajili ya mgonjwa. Alikaa, akaitazama mashini, akamtazama Lukeba. "Kesho ndiyo kesho," akasema. "Mimi si muganga, dogiteri, sijui dawa. Lakini mugonjwa huyu akifia mikononi mwako, mimi mwenyewe sijui nitafanya nini. Ninakuambia kama ndugu."

Lukeba akamsikia kama ndugu. Barabara zote mbili zilikuwa na bariyeri, na kwenye kila bariyeri alijulikana kama dogiteri wa orodha. Hakukuwa na njia ya kutoka Gatete isipokuwa moja ambayo hakuwahi kuitumia: kufanya kazi aliyolipwa.

Akaomba ruhusa kwenda kutafuta dawa. Kaporali akampa askari wa kumsindikiza, kwa usalama wake. Rumonge kulikuwa na Akonkwa, kijana wa Bukavu aliyekuwa anauza CD za programu karibu na bandari, na alikuwa na antivirusi ya kweli, mpya, kwenye boksi lake. Avansi ilikuwa imekwisha kwenye mazutu. Akonkwa akaitazama saa inayong'aa. Lukeba akaivua.

Aliporudi alimkuta Elda amekuja na nguo safi za Mama Hakimu. Mbele ya watu wote akaingiza CD mpya, akabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila mahali palipoandikwa ndiyo. Mashini ikafanya kazi dakika kumi. Kisha kioo kikaganda. Kipanya hakisogei. Ndani sauti ya feni inapanda kama kinu cha Radjabu siku ya soko. Lukeba akaizima, akaiwasha. Ikaganda tena, mapema zaidi.

Mama Hakimu hakulia. Alikaa chini ya meza yake, akaanza kusema majina. Nambari moja, nambari mbili, nambari tatu. Alitaka kuona anakumbuka mangapi. Alifika kumi na tisa akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Mlangoni wanawake walikuwa wanangoja, na nambari zao zilikuwa mbali sana na kumi na tisa.

"Dogiteri," Elda akauliza, "ulimtoa zamu wa zamani namna gani?"

"Nilimtupa kwenye takataka. Mama aliona."

"Ulitupa picha yake."

"Si ndiyo yeye?"

"Ile ni kibao cha mlangoni. Umebandua kibao, mwenyewe yuko ndani amekaa. Sasa umemletea mgeni, na wewe mwenyewe ulisema watafanya nini wakikutana gizani."

Lukeba akakaa kwenye ndoo. Akasema, "Kumbe niliyosema ni kweli," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesoma barua ya kifo chake.

Elda akaizima mashini, akaiwasha huku anagonga kitufe kimoja cha juu, tena na tena. Ikafunguka na sura ya kimaskini, maandishi makubwa, rangi chache. "Hivi inaamka bila zamu yeyote kusimama," akasema. "Haitagombana. Lakini kabla sijamgusa, Mama Hakimu, ninataka wasia."

"Wasia wa nani?"

"Mtu akipelekwa kupasuliwa anaacha wasia au haachi?" Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa disketi mbili, bado ziko kwenye plastiki. "Mpya. Hazijanywewa na mtu. Nilizinunua mwezi wa tatu, nikaogopa kukuonyesha."

Hapa ndipo ninapotaka unione vizuri, wewe msomaji, na ujifunze. Watu mia tatu wanangojea, mashini inakata roho, na huyu mama bado anafikiria vijidudu. Alifungua kinywa aseme hapana. Alikuwa na hapana nyingine tayari: kumfukuza zamu wa zamani kabisa, usiku unaingia, mpya hajazoea nyumba, ni haki? Lakini aliangalia mlangoni, akaona mama wa nambari mia mbili na sita amevua kandambili zake, amezishika mkononi, kama mtu aliyefika mahali pa msiba.

"Andika wasia," nikasema.

Elda akaiweka orodha kwenye disketi ya kwanza. Akaitoa, akairudisha, akaifungua kuhakikisha majina yanasomeka. Akaiweka na kwenye ya pili. Moja akampa kaporali, aliyekuwa bado hapo, moja akanipa mimi, nikaipokea kwa mikono miwili. Ndipo akaenda pale mashini inapoweka programu zake zote, akamwondoa yule mpya kwanza, halafu yule wa zamani, kwa jina lake, mpaka mashini yenyewe ikauliza una hakika, akasema nina hakika. Akaizima, akaiwasha, akaangalia kama kuna aliyebaki. Hakuna. Saa ile ya hatari, nyumba wazi, hakuingiza kitu chochote kutoka nje isipokuwa CD ya Akonkwa. Zamu mpya akaingia peke yake. Akaizima tena, akaiwasha, akamwambia azunguke vyumba vyote.

Akazunguka mpaka Radjabu akaomba mazutu mengine. Lukeba akatoa kalamu zake tatu, Radjabu akazikubali.

Zamu mpya alipomaliza, Elda akasoma maneno ya kioo kwa sauti, ili wote wasikie. Virusi vilivyopatikana: sifuri. Mashini ile haikuwa imeugua hata siku moja. Ilikuwa inanuka javeli tu.

Alhamisi saa nne asubuhi orodha ilichapwa Rumonge, kurasa kumi na moja, na wino sikuuhurumia. Watu wa msaada waliichukua. Watu wa Gatete walimsifu dogiteri kwa sababu mgonjwa ametoka mzima, na kwetu mgonjwa akitoka mzima sifa ni ya dogiteri, murwaza anapewa sufuria yake tu arudi nyumbani. Mchana ule walimletea Lukeba wagonjwa wengine: redio mbili, cherehani, na kuku asiyetaga. Ijumaa asubuhi hakuonekana. Wavuvi walisema alipanda mtumbwi wa watu wa ndagala bila koti, amelitoa kuwa nauli.

"Mama," Elda akaniambia, "yule alikuwa mwizi."

"Usimtukane dogiteri," nikamjibu. "Ana haya tu. Amekimbia shukrani."

Nilisema hivyo kwa wiki sita. Nilimsifia kwa kila mteja. Mtu wa Nyanza-Lac aliponiuliza nani atamtazamia mashini yake, nilimwambia mtafute Lukeba. Ninaandika hili ili watoto wa watu wajue kwamba mama yao anaweza kulala siku tatu na mwizi chumba kimoja, kamba ya karito mguuni, na akaamka anamwombea nafasi ya kazi.

Halafu ikaja barua kutoka ng'ambo, imekunjwa mara nne. Elda alinisomea, maana macho yangu yalikataa.

"Mama, watu wa orodha bado hawajafika kwenye kambi yetu, lakini mwizi wako amefika. Nilikuwa kwa kinyozi. Aliingia jamaa mmoja hana koti, anachekesha watu. Anasema amewala wafanyabiashara, amewala mapadri, lakini Rumonge kuna mama mmoja alimfanya atibu mashini kweli, kwa saa yake na kalamu zake, kwa sababu alikwenda naye kama murwaza, na mukeka, na mashini akaipikia uji. Watu walicheka mpaka kinyozi akanikata sikio. Mimi sikucheka. Mama, miaka mitano sikujua kama uko hai. Mwanamke wa kuipikia mashini uji duniani ni mmoja. Nilimshika jamaa shati, nikamwambia anza tena tangu mwanzo, usiruke kitu. Alinieleza yote mara tatu. Anakusalimu. Anauliza kama bado haijaganda. Mimi ni mzima. Hakimu."

Basi hayo ndiyo ya kichwani mwa Lukeba, na huyo ndiye aliyeyaleta, mengine kwa barua zilizofuata. Wewe uliye na mashini, fuata mkono wa Elda, usifuate moyo wangu. Beseni la javeli nimeliondoa, siku hizi naoshea miguu.

Na kila Ijumaa ninamtaja Lukeba kwenye dua, jina kamili. Shehe ameniuliza huyo ni nani yangu, mbona yeye hamjui. Nimemwambia ni dogiteri wa familia.